Geti la Umeme: Pima Kabla Hujafukia

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye nyumba mliokuja kusikiliza,

Mota ya geti ikishafungwa, mwenye nyumba huangalia mambo matatu tu: geti linafunguka, linafunga, na rimoti inashika kutoka mbali. Kazi nyingine yote imeshalala chini ya pevingi, na huko ndiko yatakakotokea malalamiko baada ya masika ya kwanza. Geti linajifungua usiku wa manane bila mtu. Geti linagoma kufunga kila mvua ikinyesha. Gari likisimama langoni geti linaligonga ubavuni. Mota mbovu hubadilishwa asubuhi moja. Waya uliofukiwa vibaya unataka njia nzima ya gari ifumuliwe, na ndiyo maana nitazungumzia zaidi mtaro na waya kuliko mota.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Nyumba iko Dar es Salaam. Geti ni la kuteleza, upana wa mlango ni mita 3, mota ni ya volti 24 DC, na kutoka meni swichi hadi getini ni mita 40. Njia ya gari ni ya pevingi, isipokuwa kipande cha zege karibu na reli. Wanaopita ni gari dogo la mwenye nyumba, Noah ya shangazi, bodaboda wa kuleta vitu, na mara mojamoja Fuso ya mchanga. Huo mchanganyiko wa vyombo vya usafiri ni muhimu, tutaurudia.

Swali la kwanza ni transfoma ikae wapi. Wapo wanaoifunga stoo ndani ya nyumba na kupeleka volti 24 getini, kwa hoja kwamba volti ndogo haina hatari. Hebu tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa ohm 0.0175 kwa kila mita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni 80. Kwa waya wa 2.5 unapata ohm 0.56. Mota ikianza kusukuma geti zito inavuta ampea 10 kwa urahisi, kwa hiyo volti 5.6 zinapotelea njiani. Getini zinafika 18. Mota inaanza kwa kusuasua, bodi ya kuiendesha inadhani geti limekutana na kizuizi, inalirudisha. Fundi anaongeza nguvu ya kusukuma kwenye mipangilio ili lisirudi, na hapo ameharibu ulinzi wa watu kwa ajili ya kosa la waya. Kebo ileile ikibeba volti 230, mota hiyohiyo inavuta takriban ampea moja, na kinachopotea ni nusu volti na ushee. Basi peleka 230 hadi getini, transfoma ikae kwenye boksi la mota.

Kebo iwe ya nyaya tatu za 2.5, ama yenye deraya ya chuma, ama ndani ya bomba gumu la PVC. Kina sentimita 60, juu yake udongo laini usio na mawe, halafu utepe wa tahadhari kabla ya kufunika kabisa. Iwe na sakiti breka yake peke yake ya ampea 10, na RCD, ile swichi inayojikata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Getini kuwe na swichi ya kukata laini na nyutro kwa pamoja, mahali ambapo anayetengeneza mota anaiona kwa macho yake, si ya kukimbilia ndani kwenye meni swichi huku mtoto akiirudisha. Mwili wa mota uungwe ethi. Waya mrefu ulio ardhini hubeba pia mawimbi ya radi, kwa hiyo kikinga radi kifungwe pale penye bodi, na waya wake wa ethi uwe mfupi na mnyoofu. Kazi hii ya volti 230 ni ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama huna, mlete aliye nayo kwa sehemu hiyo, wewe endelea na nyingine.

Mabomba sasa. Hapa watu hubana mia mbili wakapoteza laki mbili. Chini ya njia ya gari pita na mabomba matatu kabla pevingi haijapangwa: moja la umeme, moja la milimita 50 la nyaya za ishara, na la tatu tupu lenye kamba ndani. Hilo tupu litakuja kubeba intakomu au kamera ambayo mwenye nyumba leo anasema haitaki. Bomba la umeme lisilale bega kwa bega na la ishara. Acha sentimita 20 hadi 30 kati yao. Kona ziwe za kupinda taratibu, maana waya wa mita 12 haupiti kwenye elbo mbili kali za bomba la maji hata ukivutwa na watu watatu.

Na miisho ya mabomba izibwe kwa foamu au silikoni baada ya nyaya kupita. Sisimizi wanapenda joto la transfoma, wanaingia kupitia bomba na kujenga juu ya bodi. Mijusi nao huja kuwafuata sisimizi, halafu mjusi mmoja anagusa temino mbili za bodi na bodi inakufa pamoja naye. Ukifungua boksi la mota lililodumu miaka miwili bila kuzibwa utayaona mayai meupe ya mijusi pembezoni. Kitako cha zege cha mota kiinuke juu ya usawa wa pevingi kwa sentimita 10 walau, kwa sababu maji ya masika husimama langoni kabla hayajapata njia ya barabarani.

Nyaya za ishara zihesabiwe mapema. Macho ya usalama hutazamana, moja kila upande wa lango. Jicho la kurusha mwanga linataka nyaya mbili. Jicho la kupokea linataka nne: mbili za umeme na mbili za kontakti, yaani swichi yake ya ndani. Mpira wa usalama kwenye ukingo wa geti unataka mbili, na aina nyingi huwa na rezista ya kiloohm 8.2 mwishoni, ambayo bodi huisoma ili ijue waya haujakatika wala haujagusana. Lupu ya ardhini, kitanzi cha waya cha kugundua gari, inakuja na mkia wake wenyewe wa kuiunganisha na boksi la mota, usiuchanganye na nyaya nyingine.

Kuhusu macho, kuna kanuni moja ambayo naomba isivunjwe na mtu yeyote: kontakti ya macho inaungwa kwenye upande uliofungwa wakati wa kawaida. Yaani njia ikiwa wazi mkondo unapita. Mtu akikatiza mwanga, mkondo unakatika na geti linasimama. Faida yake ni kwamba waya ukikatwa na jembe la mtunza bustani, au jicho likifa, bodi inaona jambo lilelile kama mtu amesimama langoni, na geti halifungi. Linakuudhi, lakini halimuumizi mtu. Basi huja fundi wa pili akiitwa kwa simu, anakuta geti halifungi, anaunganisha temino mbili kwa kipande cha waya, na geti linafunga vizuri. Analipwa. Kipande hicho cha sentimita nne kimeondoa macho yote ya geti lile, na hakuna taa itakayowaka kusema hivyo. Ukikuta jampa kwenye temino za macho, itoe, na mwambie mwenye nyumba kwa sauti kwa nini geti lake limesimama. Mwaka 2010 watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa sita, waliuawa na mageti ya umeme Uingereza, mmoja Manchester na mwingine Bridgend huko Wales, ndani ya wiki moja. Geti la kilo 400 halina huruma kwa sababu halijui kama limekutana na nini.

Macho yafungwe sentimita 40 hadi 50 kutoka chini. Angalia pia jua. Geti likitazama kaskazini au kusini, mwanga wa macho unakatiza mashariki kwa magharibi, na jicho la kupokea litatazamana na jua la asubuhi au la jioni. Huku kwetu jua huchomoza na kuzama si mbali na mstari huo, kwa hiyo kuna majira ambayo kila siku, saa ileile, geti linagoma. Hilo halirekebishwi kwenye bodi. Badilisha pande: anayepokea awekwe nguzo ya upande ambao jua halimwingii saa za pilikapilika, na awekewe kikofia.

Tuje kwenye lupu, ambayo ndiyo wengi mmeijia.

Lupu ni kitanzi cha waya kilichofukiwa njiani, na ditekta, kifaa cha kukisoma, inakipitishia mkondo wa frikwensi ya makumi ya kilohezi. Gari likifika juu yake, mkondo mdogo unazunguka kwenye chuma cha chini ya gari na kuupunguza uwezo wa kitanzi wa kuhifadhi nguvu ya sumaku, yaani indaktansi. Frikwensi inapanda kidogo, ditekta inaona tofauti hiyo na kufunga rilei, swichi inayoipa bodi taarifa. Uzito wa gari hauna maana hapa. Kinachohesabika ni upana wa chuma kilichotandaa juu ya kitanzi na urefu wake kutoka chini. Kwa makadirio ya kazini, lupu inaona juu hadi theluthi mbili ya upande wake mfupi. Upande mfupi ukiwa mita moja, unaona kama sentimita 65, hapo gari dogo na Noah zimo. Fuso iliyoinuka, chasisi yake ikiwa juu ya hapo katikati ya ekseli, inaweza kupotea machoni pa lupu huku tairi za nyuma bado hazijapita. Kama malori ni wageni wa kawaida, upande mfupi uwe mita moja na nusu, na kwenye ditekta washa ile nyongeza ya wepesi wa kuhisi inayoanza baada ya gari kugunduliwa.

Katika mfano wetu lupu ni mita 2.4 kukatiza njia, na mita moja kufuata njia. Mzingo wake ni mita 6.8. Mizunguko mingapi? Ukizungusha mitatu utapata indaktansi ya takriban maikrohenri 67. Mizunguko minne inakupa kama 110. Ditekta nyingi hutulia vizuri zaidi kati ya 80 na 300, kwa hiyo minne. Waya wa mizunguko ni mita 27. Mkia hadi boksi la mota ni mita 8, mara mbili ni 16, na kusokota kunakula kama sehemu moja ya kumi. Jumla mita 45 hivi. Nunua 50, kipande kimoja. Waya uwe wa nyuzi nyingi, 1.5, wenye ganda linalostahimili joto na unyevu. Ule wa kawaida wa ndani ya nyumba ganda lake hulainika lami ya moto ikimiminwa juu.

Mkia usokotwe mizunguko 20 kwa kila mita, kuanzia pale unapotoka kwenye kitanzi hadi kwenye temino. Funga ncha mbili kwenye drili, mtu mwingine ashike upande wa pili, endesha polepole. Mkia usiosokotwa nao unakuwa lupu, na utaona kila kinachopita juu yake, pamoja na geti lenyewe. Hili peke yake ndilo chanzo cha mageti mengi yanayofunguka, yakaanza kufunga, yakafunguka tena mpaka betri inakwisha.

Kwenye zege, kata mfereji wa upana wa milimita 4 na kina cha milimita 40 kwa mashine ya diski. Kona nne zikatwe mshazari, nyuzi 45, kwa sababu kona ya mraba hukata ganda la waya zege linapotanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Osha vumbi, kausha kabisa, laza mizunguko mmoja juu ya mwingine bila kuukunja waya, uubane kwa vipande vidogo vya povu, kisha jaza kwa epoksi au lami ya baridi. Waya usiobanwa hucheza tairi likipita, na ditekta inasoma mchezo huo kama gari. Chini ya pevingi hakuna mfereji wa kukata: tengeneza fremu ya bomba la PVC la milimita 20, pitisha mizunguko yote ndani, ilaze kwenye tabaka la mchanga, jaza mchanga laini pembeni na ushindilie kabla ya matofali. Kumbuka kwamba tofali la milimita 80 na mchanga wake vimeshakula sentimita 10 za uwezo wa lupu kuona.

Kama chini kuna wavu wa BRC, ule wa chuma wa kuimarisha zege, weka sentimita 5 au zaidi kati ya wavu na waya, na ongeza mizunguko miwili. Ukigusana na wavu, lupu inasinzia. Kaa walau mita moja kutoka kwenye reli na geti linalotembea. Lupu mbili zikiwa jirani, ziachane mita moja hadi mbili, moja iwe na mizunguko mitatu na nyingine minne, na frikwensi zao zitofautishwe kwa vile viswichi vya ditekta. Zisipotofautishwa zitasikilizana na kuonana ovyo.

Bodaboda ni somo lake. Pikipiki ikipita katikati ya kitanzi, chuma chake chembamba kimesimama wima, kinagusa kidogo tu. Ikipita juu ya waya wenyewe, kando ya kitanzi, rimu zake zinaonekana vizuri zaidi. Kwa hiyo usiache kingo za lupu mbali na pembe za njia. Ikipungua sentimita 30 kila upande inatosha. Na hata hivyo usimwahidi mwenye nyumba kwamba kila pikipiki itaonekana.

Lupu ya ndani inayofungua geti lenyewe gari linapotoka ni starehe, lakini ina mlango wa wizi: inafunguka kwa yeyote aliyeruka ukuta na kipande kikubwa cha bati. Iweke mita kadhaa kutoka getini, isifikiwe na chuma kinachosukumwa chini ya geti, na iwekewe saa ya kuizima usiku. Njia ikiwa ya changarawe, kipimo cha usumaku kinachochimbiwa pembeni kinafaa badala ya lupu kwa kazi hiyo ya kufungua, mradi kisiwe karibu na barabara ambako daladala zinapita. Lakini vipimo vingi vya aina hiyo huona gari linalotembea na kulisahau likisimama. Usikitumie kamwe kuzuia geti lisifunge juu ya gari.

Lupu ya usalama, ile iliyo karibu na mstari wa geti, kwenye ditekta ichaguliwe hali ya kudumu, isimsahau dereva aliyesimama nusu saa akiongea na simu. Umeme ukikatika na kurudi gari likiwa limeegeshwa juu ya lupu, ditekta nyingi hujipanga upya zikidhani gari lile ni sehemu ya ardhi. Gari likiondoka, lupu inakaa kama kipofu mpaka ijirekebishe. Kwa mji wenye kukatika umeme kama wetu, ditekta ilishwe kutoka betri ya geti, si moja kwa moja kutoka transfoma.

Mmeona kwamba kila kifaa kina upofu wake. Lupu inaona chuma, haimwoni mtoto, wala mbuzi, wala mtu aliyebeba ndoo. Mwanga wa macho unamwona mtoto, lakini unapita chini ya tumbo la Fuso kana kwamba hakuna kitu. Vyote viwili vikiwepo bado kuna kubanwa kati ya geti na nguzo upande wa nyuma linakoteleza, na hapo ni mpira wa usalama na nguvu ya mota ndivyo vinavyookoa. Kiwango cha Ulaya cha EN 12453 kinataka nguvu ya kubana isizidi niutoni 400 pale uwazi uliobaki ni wa sentimita 5 hadi 50, na ndani ya robo tatu ya sekunde ishuke chini ya 150. Niutoni 400 ni kama mfuko wa kilo 40. Geti lililokaza kwenye reli haliwezi kutimiza hilo, kwa sababu litadai nguvu kubwa ili litembee tu. Kwa hiyo kabla ya mota, lisukume kwa mkono mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Likikaza popote, rudisha kwa mchomeleaji.

Sasa vipimo, na hivi ni kabla ya kufunika. Kwa multimita ya kawaida, pima lupu yako kutoka mwisho wa mkia: mita 45 za waya wa 1.5 zinapaswa kutoa ohm 0.5 hivi. Ukipata 3, kuna kiungo kibovu au waya umekatika nyuzi. Kisha chomoa ditekta kabisa, chukua mega, kile kipimo cha uzima wa ganda la waya, weka volti 500 kati ya waya na ethi. Unataka zaidi ya megaohm 10. Pima tena baada ya kumwaga epoksi au kushindilia mchanga, na mara ya tatu baada ya kumwagia maji ndoo tatu na kungoja nusu saa. Ikiwa kipimo cha tatu kimeanguka, ganda limejeruhiwa, na huo ndio wakati wa kutoa waya na kuweka mwingine, matofali yakiwa bado pembeni.

Viandike vipimo vyote vitatu kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi la mota, pamoja na tarehe, idadi ya mizunguko, na mchoro wenye umbali wa lupu kutoka nguzo. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atapima, atalinganisha, na atajua ndani ya dakika kumi kama afumue au asifumue.

Pale uani kuna fremu ya PVC imeshalazwa kwenye mchanga, mizunguko minne, haijafunikwa. Mega iko kwenye boksi jekundu. Tutoke wote tukapime.